Hata kama ni Kiingereza cha kuombea maji, waacheni waongee

Mi nafundisha chuo cha ualimu hapa Tanzania, hawa wanachuo wangu ndo kesho wataenda kufundisha Kiingereza, na grama wanaijua jamani, wape tensi kwenye karatasi wanapata zote, ila mwambie mmoja asimame aelekeze kwa Kiingereza namna ya kukunja karatasi tu, anaganda. Na siwalaumu, msingi wamesoma kwa Kiswahili, sekondari mwalimu anachanganya ili waelewe, halafu mtihani wa Kiingereza kidato cha nne ni kuandika mwanzo mwisho, hakuna anayekaa kumsikiliza mtu anaongeaje.

Ukitaka kuona tatizo lilipo angalia maikrotichingi zao, yale masomo mafupi ya mazoezi wanayofundishana wenyewe kwa wenyewe darasani. Mtu anakuja somo kalikariri lote, anashusha vizuri, kila baada ya sentensi mbili "Are we together?", wenzake "Yeees", anaendelea. Kuna siku binti mmoja akanyoosha mkono akauliza kama wafanye wawiliwawili au kila mtu peke yake, jamaa kimya, akageukia ubaoni, akajibu kwa Kiswahili. Jibu lenyewe lilikuwa "in pairs" tu! Kaandaa hotuba, kuongea na watu hajaandaa.

Ndo mana dibeti sizitegemei sana, wanaongea walewale wachangamfu wengine kazi yao makofi. Mi nawakalisha wawili wamepeana mgongo, mmoja ana ramani ya mji, mwenzake anayo hiyohiyo ila soko, benki na stendi zimefutwa, hakuna kuchungulia, lazima aulize, asielewe, aulize tena mpaka ajaze. Kelele zake usiseme, na mi nazipenda. Matamshi wanajirekodi kwenye simu wanajisikiliza wenyewe kwanza, mana Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi "interesting" inakazwa hapo kwenye "res", akijisikia mwenyewe anaishika haraka. Na anayemcheka mwenzie kwangu anatoka nje, kicheko kimoja kinamfunga mtu mdomo mpaka anamaliza chuo.

Halafu mtaala mpya ulioanza 2024 Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, mtoto hata kusoma hajajua, kwa hiyo Kiingereza chake chote ni kile anachokisikia mdomoni mwa mwalimu.

Wakufunzi wenzangu, tukienda kuwasimamia BTP, yaani mazoezi yao ya kufundisha mashuleni, tusiishie kukagua skimu na lesoni plani tukasaini tukaondoka. Kaa nyuma kabisa ya darasa, subiri mtoto aulize swali, sikiliza anajibiwaje.