Bluzi, ligombo na unga wa sembe: tulivyoingiza muziki wa laivu redioni Iringa

Ukitaka muziki wa laivu kwenye redio ndogo, kuna watu wawili wa kuwashawishi kwanza: mkuu wa vipindi, anayeogopa ukimya hewani, na fundi mitambo, anayeogopa kelele. Wanamuziki wenyewe hawana shida. Waambie siku na nauli, watakuja.

Mimi ni mtangazaji kwenye kituo kimoja hapa Iringa mjini. Kwa muda mrefu nilitamani kipindi cha bluzi na souli, miziki iliyoanzishwa na Wamarekani weusi, pamoja na muziki wetu wa asili, unaopigwa palepale studio, si wa kubonyeza faili kwenye kompyuta. Kila nikipeleka wazo naambiwa jioni ni ya Bongo Fleva, Jumapili ni ya kwaya, na saa nzima ya mzee na ligombo lake, chombo cha asili cha nyuzi, itafukuza wasikilizaji na wafadhili pamoja. Kuhusu ile saa nzima, walikuwa na hoja.

Kilichofungua mlango ni unga. Nilikuwa nasoma habari za redio KFFA ya mji wa Helena, jimbo la Arkansas, kule Marekani. Novemba 1941 walianzisha kipindi cha bluzi cha mchana kilichoitwa King Biscuit Time. Sonny Boy Williamson alipiga kinanda cha mdomo na kuimba, Robert Lockwood akapiga gitaa, mubashara. Kilikuwa cha robo saa tu, wakati watu wa mashambani wametua jembe wanakula. Aliyelipia ni mfanyabiashara wa unga wa ngano uliobeba jina hilohilo la King Biscuit. Wateja walimpenda Sonny Boy kiasi kwamba yule mfanyabiashara akatoa na unga wa mahindi wenye jina lake, picha yake ikiwa kwenye mfuko.

Unga wa mahindi! Sasa wewe niambie, hapa kwetu nani asiyeuza unga wa mahindi? Nikaenda kwa mwenye mashine mmoja anayefungasha sembe ya kilo tano na kumi, nikamweleza habari hiyo nikiwa nimesimama kati ya magunia, nywele zote nyeupe kwa vumbi la pumba. Hakuuliza bluzi ni nini. Aliuliza, "Huo unga wenye picha, uliuzika?" Nikamwambia uliuzika, na kipindi kimeendelea miaka na miaka, mtangazaji wake mmoja akikaa nacho tangu 1951 mpaka alipofariki 2018. Akaniambia nirudi na bei.

Kwa mkuu wa vipindi sikurudi na wazo, nilirudi na mfadhili. Nikaomba robo saa, kuanzia saa sita na robo mchana, mara moja kwa wiki. Huo muda ulikuwa umejazwa matangazo ya zamani tu, hakuna aliyeulilia. Una faida nyingine ambayo niligundua baadaye: tunamaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Msikiti uko jirani, na mikrofoni haichagui cha kusikia.

Fundi mitambo nilimpata kwa njia nyingine. Nilimwekea asikilize wimbo wa Ali Farka Touré wa Mali, gitaa linalokwenda polepole mpaka unaona Mto Niger, kisha nikamwambia: huyu bwana miaka ya sabini alikuwa fundi sauti wa redio ya taifa kule Bamako. Fundi kama wewe. Hakusema kitu, ila kesho yake alikuja na mablanketi mawili ya nyumbani kwake, akayatundika ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi.

Kazi hasa ilikuwa kwenye sauti. Ligombo ni chombo cha Wahehe: ubao mrefu uliochimbwa, nyuzi zimepita juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti. Sauti yake ni ndogo. Ukikaa nalo sebuleni linatosha kabisa, ukiliweka karibu na gitaa linamezwa. Mzee wetu, anayetoka upande wa Kalenga, huimba kwa sauti ya chini kama anayesimulia, halafu ghafla anapaza. Mikrofoni za kondensa, zile zenye masikio makali, zilinasa kila kitu, pamoja na bodaboda za barabarani. Tukazikataa. Tukachukua ya kawaida ya kuimbia, ile inayohitaji uisogelee, tukailenga mdomo wa kibuyu, umbali wa shubiri moja. Ya pili ikawa ya kinywa chake. Mwenye gitaa tukamsogeza nyuma hadi mlangoni, na hapo vyombo vikakaa sawa bila kugusa vitufe vya miksa. Zamani redio nyingi zilifanya hivyo: anayesikika sana arudi nyuma, asiyesikika asogee mbele.

Kuna kitu ambacho asiyefanya kazi redioni hawezi kukifikiria. Kompyuta yetu ina programu inayosikiliza ukimya: sauti ikishuka kwa sekunde kadhaa, inadhani mtangazaji amelala na kuweka wimbo yenyewe. Na mzee hupumzika kati ya beti. Kwenye mazoezi, anavuta pumzi, mara Bongo Fleva hii hapa. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo mashine yenu haina adabu, inamkatisha mtu mzima." Sasa fundi huizima kabla hatujaanza, na hupunguza kile kidhibiti sauti cha mtamboni, maana chenyewe hupandisha kila sauti ndogo mpaka unasikia feni ya kompyuta kuliko ligombo.

Kulinganisha nyuzi nako kulikuwa na kazi yake. Mzee hafuati noti za piano. Anafuata koo lake, na baadhi ya sauti zake zinaangukia katikati ya vyuma vya shingo ya gitaa. Kijana wetu wa gitaa, anayepiga kanisani Kihesa, alihangaika kukaza na kulegeza. Halafu akakumbuka wapiga bluzi wa kusini mwa Marekani wanavyovaa shingo ya chupa kidoleni na kuiteleza juu ya nyuzi. Akakata kipande cha bomba, akakisugua kingo kwa msasa, akakivaa kidole cha mwisho. Ukiteleza, vyuma havikubani tena. Unasimama popote sauti ilipo. Mzee akageuka, akamtazama yule kijana kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi. "Kumbe unasikia," akasema.

Souli tumeipata kwenye kwaya, na hilo halikuhitaji akili nyingi. Waimbaji wakubwa wa souli walitoka hukohuko: Sam Cooke alitokea kwenye kundi la nyimbo za injili, Aretha Franklin aliimba kanisani kwa baba yake kule Detroit. Huku kwetu, kuanzia Iringa na Njombe mpaka Tukuyu, kila usharika una dada anayeweza kukunyanyua kitini. Kazi ni kumwambia asiimbie ukumbi, aimbie mtu mmoja aliyekaa jikoni na redio. Wengine hawawezi, wamezoea kulijaza kanisa zima.

Wanamuziki wanapata posho na mfuko wa sembe wa kilo kumi. Simu za wasikilizaji zinakuja, nyingine kutoka Mafinga, wengi wakiomba mzee aongeze Kihehe. Mwenye mashine amefurahi, na sasa anataka picha ya mzee kwenye mfuko mpya. Mzee naye ameniuliza yule Mmarekani alilipwa shilingi ngapi kwa picha yake, na amesema yeye anataka kitu kidogo kwa kila gunia linalotoka, si malipo ya mara moja. Mwenye mashine amenyamaza. Wamekubaliana tukae wote watatu baada ya mavuno, bei ya mahindi ikishajulikana.