Kikohozi cha wiki ya nane: siku yangu katika kitengo cha mionzi

Saa 11 alfajiri. Stejini Githurai tayari watu wamejaa. Nikichelewa kidogo tu, Thika Road haipitiki.

Saa 1 asubuhi. Mashine inapimwa kwanza, kisha wagonjwa wanaanza kuingia, mmoja mmoja.

Saa 4. Amerudi mama aliyemaliza tiba ya mionzi ya saratani ya titi wiki nane zilizopita. Ana kikohozi kikavu, ngazi zinamshinda, jioni homa inampanda kidogo. Nyumbani wameshaamua ni TB na kikombe chake kimetengwa. Makohozi yamepimwa, TB hakuna. Picha ya CT inaonyesha ukungu wenye ukingo ulionyooka, unaofuata njia ya miale. Daktari anasema ni nimonia ya mionzi, yaani uvimbe wa pafu unaoletwa na miale, si vijidudu. Mimi nabaki kumweleza.

"Sista, si mionzi nilimaliza?"

"Ulimaliza, mama. Ila mwili bado unaitikia."

Namchorea kwenye karatasi. Seli za pafu zilizopigwa na miale hutoa saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumia kuitana. TNF-alfa, interlukini-1 na interlukini-6 huita chembe nyeupe za damu. Zikifika, nazo hutoa saitokini zao, na mwito huo huendelea miezi mingi baada ya mashine kuzimwa. Vifuko vya hewa vinavimba, mtu anakohoa. Halafu kuna TGF-beta, ninayoiogopa zaidi: huziamuru seli zinazotengeneza nyuzi kujenga kovu, na pafu lenye kovu halitanuki. Kovu likishakomaa hatuna dawa ya kuliondoa.

Ameandikiwa prednisoloni, itulize uvimbe huo. Namwambia mara tatu: dozi itashushwa polepole kwa wiki kadhaa, usiache ghafla hata ukijisikia umepona. Nimeona walioacha wakirudi wanahema kuliko mwanzo. Naamini kila mgonjwa anayepigwa miale kifuani anapaswa kuambiwa haya kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, asije akamezeshwa antibiotiki mwezi mzima bure.

Saa 8 mchana. Kikao cha mipango. Mzee mwenye saratani ya pafu: asilimia 38 ya mapafu yake ingepata grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) au zaidi, nasi hatupendi ipite 35, asije akapata nimonia kama ya yule mama. Mtaalamu wa fizikia anarudi kupanga miale upya. Tiba itachelewa siku moja, na nakubali.

Saa 11 jioni. Niko kwenye foleni ya matatu, simu inalia. Ni binti wa yule mama, anauliza kama wanaweza kula pamoja.

"Haiambukizi, mwanangu. Kirudishe kikombe chake pamoja na vingine."