Puli ya altaneta ikitetemeka, tazama kwanza mkono wa tenshona

Puli ya altaneta, kifaa kinachozalisha umeme wa gari, ikianza kutetemeka, wengi hukimbilia kubadilisha mkanda. Mkanda mpya hunyamazisha kelele kwa muda, kisha mambo hurudi palepale, kwa sababu mara nyingi mtetemo huo hauzaliwi kwenye mkanda wala kwenye altaneta. Unatoka kwenye kranki, shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni. Altaneta ndiyo inayoupokea kwa nguvu kuliko kifaa kingine chochote kwenye mkanda huo.

Kranki haizunguki kwa mwendo mmoja. Silinda ikiwaka, inasukumwa mbele. Pistoni nyingine ikibana hewa, inapunguzwa kasi. Injini ya silinda 4 huwaka mara 2 kwa kila mzunguko wa kranki. Ikinguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika, mkanda unapata mishtuko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kila sekunde. Upande wa pili kuna rota ya altaneta, chuma kizito chenye shaba iliyosokotwa, nayo haitaki kuongeza wala kupunguza kasi ghafla. Puli ya kranki ikiwa na kipenyo mara 3 ya puli ya altaneta, ukaidi huo wa rota ukipimwa kutoka kwenye kranki unazidishwa kwa 9, si kwa 3, maana uwiano wa puli hujizidisha wenyewe. Hapo ndipo shida yote ilipo. Mkanda unakaza na kulegea mara 25 kwa sekunde, na tenshona, mkono wenye springi unaoukaza mkanda, inahangaika kufidia. Kwenye dizeli hali ni kali zaidi, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa na kila mwako unapiga kwa nguvu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni macho. Pasha injini moto, acha ingurume bila kukanyaga mafuta, kisha rekodi mkono wa tenshona kwa video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde kama simu inaweza. Kwa mishtuko 25 kwa sekunde, kila mtikisiko mmoja utachukua karibu fremu 10, na utauona waziwazi ukienda na kurudi. Mkono usio na kasoro hutikisika kidogo tu. Ukiruka kwa upana, na sehemu ndefu ya mkanda ikapigapiga kama kamba, kuna kitu kimeacha kumeza mishtuko. Washa taa kubwa na feni ya ndani, urekodi tena, kwa sababu altaneta yenye mzigo hufichua mengi.

Angalia pia mdundo wenyewe. Ukiwa wa haraka na wa kulingana, shuku puli ya altaneta, puli ya kranki au tenshona. Ukiwa wa polepole, kama mipigo 6 kwa sekunde, huenda silinda moja haiwaki, kwani silinda moja huwaka mara 1 kwa kila mizunguko 2 ya kranki. Hapo shughulikia plagi, koili au injekta kwanza. Hakuna puli itakayoponya injini inayokosa mwako.

Sasa tuje kwenye puli. Zipo za aina tatu, na kuzichanganya ndilo kosa linaloharibu vifaa vingi. Ya kwanza ni puli ngumu, kipande kimoja cha chuma kilichofungwa kwa nati. Ya pili ina klachi ya upande mmoja: mkanda ukivuta, rota inafuata, injini ikipunguza kasi ghafla, rota inaendelea kuserereka bila kuuburuta mkanda. Ya tatu ina klachi hiyo pamoja na springi ndani, na springi hiyo hunywa mishtuko midogo ya kila mwako. Hii ya tatu ndiyo inayotuliza mkanda zaidi kwenye mngurumo wa chini.

Kuzipima ni rahisi, lakini kufanywe injini ikiwa imezimwa, waya hasi wa betri umetolewa na mkanda umeshuka. Bandua kifuniko cha plastiki cha mbele ya puli, zuia rota isizunguke, kisha zungusha puli kwa mkono. Yenye klachi inapaswa kugoma mara moja upande mmoja na kuzunguka laini upande mwingine. Yenye springi haigomi ghafla. Upande wa kuvuta utahisi ukinzani unaoongezeka kadiri unavyoisukuma, na ukiachia inarudi kidogo. Ikigoma pande zote mbili imekwama, na sasa inafanya kazi kama puli ngumu. Hapo ndipo tenshona inapoanza kuruka. Ikizunguka bure pande zote mbili imekufa, na taa ya chaji kwenye dashibodi huwa imeshawaka. Ukisikia chengachenga ndani inapozunguka, usiirudishe hata kama bado inashika. Vumbi jekundu la kutu karibu na kifuniko ni ushahidi mwingine kwamba maji yameingia au beringi ya ndani imekauka.

Kuna tabia ya kuitoa puli ya klachi iliyokufa na kuweka ngumu kwa sababu ni nafuu na "haiharibiki". Siiungi mkono hata kidogo. Mfumo mzima, kuanzia ugumu wa springi ya tenshona hadi urefu wa mkanda, ulipangwa ukitegemea klachi hiyo. Ukiiondoa, mishtuko yote inahamia kwenye tenshona, na baada ya muda bushi yake inalika, mkono unainama upande, na mkanda unaanza kukimbia pembeni. Unaokoa puli, unapoteza tenshona, mkanda na pengine beringi ya pampu ya maji. Vivyo hivyo, mahali pa puli yenye springi usiweke ya klachi tupu.

Kabla ya kufunga puli mpya, kagua ya kranki. Nyingi zina pete ya mpira kati ya kitovu na ukingo, na mpira huo ndio unaopunguza mtikisiko wa kranki yenyewe. Tafuta nyufa, mpira uliotokeza nje, au ukingo unaoyumba injini inapozunguka. Chora mstari wa chaki kutoka kitovuni hadi ukingoni, endesha gari, kisha tazama: mstari ukikatika na kuachana, mpira umeachia. Puli ya kranki ya namna hiyo itaua puli mpya ya altaneta mapema, nawe utalaumu bure ubora wa kifaa.

Tenshona nayo ipelekwe kwa spana mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake. Inapaswa kwenda laini na kurudi yenyewe bila kunasa.

Kuhusu mpangilio wa puli, weka rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa puli mbili zenye ukingo sawa. Kupishana kwa zaidi ya milimita 1.5 kwa kila milimita 300 za mkanda ni kwingi. Chanzo mara nyingi ni altaneta kukaa upande: bolti imelegea, sikio la kushikia limechakaa, au mtu ameweka washa mahali pasipotakiwa. Sikio la nyuma la altaneta nyingi lina bushi ya chuma inayoteleza bolti inapokazwa ili kuziba nafasi. Ikinaswa na kutu, altaneta haikai sawa, na ukikaza kwa nguvu sikio linaweza kupasuka. Irudishe nyuma kwa nyundo taratibu kabla ya kufunga.

Ili kutofautisha mkanda uliopinda njia na uliolegea, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji injini ikinguruma, ukiweka mikono na nguo mbali. Kelele ikitoweka kisha ikarudi, puli hazijanyooka. Ikizidi, mkanda unateleza, yaani umelegea au umelika. Mikanda ya kisasa haionyeshi nyufa nyingi. Hulika polepole kama tairi, mifereji ikapanuka na mkanda ukaketi chini zaidi ndani ya mifereji ya puli. Kwa magari ya zamani yasiyo na tenshona ya kujikaza, bonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa nguvu ya takriban kilo 10. Kuzama kwa karibu milimita 10 kunafaa kwa mingi, ila kipimo cha kitabu cha gari ndicho cha mwisho. Kukaza kupita kiasi huondoa mlio leo na kuua beringi ya mbele ya altaneta kesho.

Beringi hiyo ipime mkanda ukiwa umetolewa. Zungusha rota: mkwaruzo au mchezo wa juu na chini unatosha kuihukumu. Kama rota iko laini lakini altaneta inanguruma kila mzigo wa umeme unapoongezeka, pima volti za AC kwenye betri injini ikiwaka. Zikizidi 0.5, huenda diodi, kipande kinachogeuza umeme wa AC wa altaneta kuwa wa DC, imekufa, na altaneta inavuta mkanda kwa mapigo yasiyolingana.

Kufunga puli ya klachi kunahitaji soketi maalumu, kwa kawaida yenye meno 33 nje, na biti inayoshika shafti ya rota katikati. Usitumie bunduki ya hewa ya kukazia nati. Mapigo yake huumiza roli za klachi kabla puli haijafanya kazi hata siku moja. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, mara nyingi 80 hadi 85 Nm, ukihakikisha kwenye kitabu. Kisha weka kifuniko kipya cha plastiki. Kile cha zamani kikishabanduliwa hakizibi tena sawasawa, na puli isiyo na kifuniko hunywa maji na vumbi hadi ikwame.