Mkungu wa ndizi wa nyanya yangu kwenye ibada ya mavuno

Jumapili tulikuwa na ibada ya mavuno kanisani kwetu, karibu na Luanda, kule Vihiga. Mahindi yaliletwa, maparachichi pia, lakini kwetu mavuno ni ndizi. Mikungu ilipangwa kuanzia madhabahuni hadi mlangoni, kanisa lote likanukia shamba.

Nyanya alileta mkungu mmoja wa chane kumi na moja. Nimeuona mgomba huo tangu ukiwa mche. Aliubebea samadi kwa karai, akang'oa machipukizi na kuacha mawili tu, na mkungu ulipoanza kuinama akauwekea mti wa kuuegemeza. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, ila nyanya hakutaka kubahatisha! Mgomba huzaa mara moja tu kisha hukatwa, kwa hivyo mkungu huo ulikuwa jasho lake la zaidi ya mwaka mzima.

Mnada ulianza kwa shilingi 500. Mama mmoja akaununua kwa 800, akautoa tena kwa kanisa, ukanadiwa upya. Mara tatu! Mwishowe vijana waliotoka Kisumu wakachanga 2,400. Nyanya alikuwa ameketi mbele, upindo wa leso mdomoni, machozi yakimtiririka. Sijawahi kumwona akipigiwa makofi na watu wengi hivyo, na anastahili.

Jioni jirani alitupa miche miwili ya ndizi tamu. Tuliipanda giza likiingia, nyanya akinishikia tochi.