Raki yangu ya makafi, mara ya pili ndiyo ilikubali

Nina makafi tisa, yaani makasia, sita ya mti na matatu ya plastiki ya kayaki, na miaka yote nilikuwa nayaegemeza tu ukutani kibandani, huku kwetu Kilifi karibu na mkono wa bahari, mpaka juzi nikaona mawili ya mti ncha zimevimba na kuanza kupasuka. Mzee jirani yangu, zamani alikuwa fundi wa madau, akayatazama akacheka: "Mwanangu, kafi halisimamishwi kama fagio, hiyo ncha ndiyo inakunywa maji." Na kweli, sakafu yangu ya simiti haikauki masika yote.

Basi nikaamua kutengeneza raki, nikanunua mbao za saipras, inchi mbili kwa nne za nguzo na moja kwa sita za kukingama, nikapiga randa. Vigingi nikakata miti ya fagio, ni rahisi na tayari imeshaviringwa. Nikaviweka viwili viwili, nafasi katikati sentimita 4 maana mpini una 3 na kidogo, mpini unapita kati na lile bapa linabaki juu limekalia vigingi, chini hakuna kinachogusa sakafu.

Kosa langu nilitoboa matundu yaliyonyooka. Usiku upepo ukavuma, asubuhi makafi mawili yako chini na moja limemeguka ukingo, roho iliniuma jamani. Ikabidi nitoboe upya pembeni, safari hii nikakata kipande cha mbao mshazari nikaegemeza keekee hapo ili kila kigingi kiangalie juu kidogo na vyote vilingane, nikatia gundi, nikavivisha tyubu kuukuu ya baiskeli. Skurubu tumia za stenles, za kawaida hapa pwani zinalia kutu kabla hujamaliza kulipa deni la mbao.

Vanishi nayo ilinitesa, nilipaka siku ya manyunyu ikapauka nyeupe kama tui. Nikangoja jua, nikasugua yote na msasa laini, nikapaka mikono mitatu myembamba, kila mkono unalala usiku mzima. Kwenye ncha zilizokatwa za mbao nilizidisha vanishi, hapo ndipo zinaponyonya.

Ya mti yote sita yamekaa vizuri. Ya kayaki ni marefu, yanagonga bati, nimeyalaza kwenye vigingi vya chini, mawili tu yameenea, la tatu bado liko juu ya kabati na mke wangu ameshaniuliza mara mbili.