Majirani Wakampa Jina

Masomo: Ruthu 4:13–17, Luka 1:57–63

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimekaa na mstari mmoja tu wa kitabu cha Ruthu, ule wa 17 katika sura ya nne, unaosema kwamba wanawake jirani zake Naomi walimpa mtoto jina. Nimeusoma miaka mingi nikiukimbia, maana macho huwahi kwenda kwa Daudi anayetajwa mwishoni mwake. Safari hii nilishindwa kuupita. Boazi yupo, Ruthu yupo, bibi yupo na amempakata mtoto kifuani. Hata hivyo jina linatoka kwa majirani, na jina hilo halikubadilishwa. Ndilo tunalosoma mpaka leo katika ukoo wa Bwana wetu: Obedi, maana yake mtumishi.

Naomba niwaeleze kwa nini mstari huu umenishika.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Mwaka 2003 nilikuwa nimepanga chumba Pasua, ua mmoja na dada ambaye mpaka leo namwita dada ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulichangia bomba, kamba ya kuanikia nguo na kibanda cha jiko. Masika ya mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa huko juu mlimani, hakuweza kushuka kumhudumia, basi kazi ya mtori ikawa yangu. Nilikuwa namenya ndizi mshare asubuhi kabla sijafungua cherehani, nikiweka nyama ichemke mpaka ilainike kabisa, nampelekea ndani ukiwa bado moto. Ananiambia, "Mdogo wangu, kaa basi." Nakaa. Ananipa mtoto, yeye anakula.

Wakati huo mimi nilikuwa sijapata mtoto. Mabinti zangu wawili walikuja baadaye. Kwa hiyo kichwa cha kwanza cha mtoto mchanga kulala kwenye mkono wangu kwa saa nzima kilikuwa kichwa cha yule mtoto. Siku ya ubatizo nilisimama kama msimamizi wake. Mchungaji aliniuliza mbele ya usharika kama nitasaidia kumlea katika imani, nikaitikia ndiyo kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe.

Alipofika miaka mitatu akaanza kutumwa. Kutoka mlango wao mpaka mlango wangu ni hatua kama ishirini, lakini kwake ilikuwa safari. Anakuja ameshika bakuli la bati kwa mikono miwili, tumbo mbele, anasimama kizingitini. "Mama mdogo, mama anasema..." Kimya. Anatazama ndani ya bakuli kana kwamba ujumbe umeandikwa humo. "Mama anasema... asante." Alikuwa ametumwa chumvi. Njiani ujumbe ulishapotea, likabaki lile neno la mwisho alilofundishwa, la kusema akishapewa. Nikamjazia chumvi, nikamwambia, "Haya Mjumbe, peleka majibu." Tangu siku hiyo akawa Mjumbe. Kwanza kwangu, kisha kwa mama yake, kisha ua mzima, kisha mtaa. Walimu wake wa shule ya Jumapili walikuwa wanamwita Mjumbe, na jina lake la ubatizo wakilikumbuka tu wanapoandika daftari la mahudhurio.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisimama kwenye ule mstari.

Wanawake wa Bethlehemu hawakutokea ghafla siku ya kuzaliwa Obedi. Rudini sura ya kwanza. Naomi anarudi kutoka Moabu baada ya miaka kama kumi, amezika mume, amezika Maloni na Kilioni, na mji mzima unataharuki. Wanawake wanauliza, "Je! Huyu ni Naomi?" Naye anawajibu, "Msiniite Naomi, niiteni Mara." Wale waliomsikia akilikataa jina lake mwenyewe kwa uchungu ndio hao hao wanaomwambia kwamba mkwewe ni bora kwake kuliko watoto saba. Biblia haituambii kama walimwita Mara hata siku moja. Mwandishi wa kitabu anaendelea kumwita Naomi, na katika sura ya nne majirani nao wanasema, "Naomi amezaliwa mwana." Walimtunzia jina lake wakati yeye mwenyewe alikuwa amelitupa. Nadhani ndiyo sababu walikuwa na haki ya kumpa mjukuu jina. Walikuwa wameona yote.

Kuona yote ni kazi, wapendwa. Tunadhani kazi ya kulea ni ya mzazi, na sisi wengine ni watazamaji tunaosema "Jamani amekua!" tukikutana nao kanisani Krismasi. Mimi nilijifunza vingine, na nilijifunza kwa kaptula.

Mjumbe alianza darasa la kwanza Januari 2010. Kabla ya hapo, mwaka mzima wa 2009, alikuwa anakuja kibandani kwangu kila baada ya siku chache anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, anajinyoosha aguse sikio la kushoto. Mtu alimwambia kwamba zamani ndivyo watoto walivyopimwa kama wanafaa kuanza shule. Vidole vinafika juu ya sikio, vinakwama. Anasikitika, anaondoka. Siku vilipogusa alipiga kelele mpaka nikajichoma sindano.

Nikamshonea kaptula ya kaki. Mafundi wenzangu wanajua: mtoto wa darasa la kwanza humshonei kipimo chake, unamshonea na akiba. Kiunoni kwa nyuma unaacha inchi mbili ndani ya mshono, na chini unakunja pindo nene, inchi tatu hivi. Akirefuka unafumua, unashusha. Pale pindo lilipokuwa panabaki mstari wa rangi mbichi, kwa sababu kitambaa kilichofichwa ndani hakikupigwa na jua wala sabuni. Kaptula ile ya kwanza niliishusha mara tatu. Ilipofika darasa la nne ilikuwa na mistari mitatu kuizunguka, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja umekolea kuliko wa juu yake. Mama yake aliona aibu mwanawe kuvaa nguo yenye mistari, mimi nilikuwa naitazama akikimbia nayo uwanjani nikawa namshukuru Mungu kwa kila mstari. Huu ni mwaka ule wa surua mtaani kwetu. Huu ni mwaka baba yake alipokosa kazi. Huu ni mwaka wa degedege.

Ya degedege niiseme kidogo. Dada alikuwa amepanda mlimani kwenye msiba, akaniachia mtoto. Usiku homa ikapanda, macho yakageuka, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Nilimlaza kwa ubavu kama tulivyokuwa tumefundishwa kliniki, nikaita majirani, na mmoja mwenye pikapu akatupeleka hospitali. Nakumbuka nikiwa nyuma ya lile gari sikuomba maombi ya maana. Nilikuwa nasema jina lake tu, lile la ubatizo, mara nyingi mno, maana niliogopa Mungu asije asijue Mjumbe ni nani. Sasa najua kwamba alijua. Walimpima, ikawa malaria, akatibiwa. Siku ya pili aliomba chai na maandazi.

Hana, mama yake Samweli, naye alikuwa fundi. Tunasoma katika 1 Samweli 2:19 kwamba kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea Shilo. Huwa nafikiria vipimo. Mtoto hayupo nyumbani, hamwoni mwaka mzima, anajuaje marefu ya mikono? Lazima aliwatazama watoto wa jirani wa rika lile. Alimwita mmoja, akamsimamisha mlangoni, akampimia kanzu ya mwanawe mwilini mwake. Haijaandikwa, lakini fundi yeyote atawaambia kwamba njia nyingine haipo.

Mtazame mtoto wa jirani wako kwa namna hiyo juma hili. Ujue kiatu chake kimefika namba gani.

Nisiishie kwenye mazuri tu, maana somo la pili linanihusu pia, na linauma. Katika Luka sura ya kwanza majirani wanatokea tena siku ya nane, wanataka kumpa mtoto jina. Furaha ni ile ile ya Bethlehemu, nia ni njema ile ile. Wameamua aitwe Zakaria kama baba yake. Elisabeti, mama yake, anawaambia, "La, sivyo; bali ataitwa Yohana." Wanabisha, wanasema hakuna katika jamaa aitwaye Yohana, wanamwashiria baba, naye anaomba kibao na kuandika, "Jina lake ni Yohana."

Mjumbe alipata kipaimara mwaka 2018. Miaka miwili ya Jumamosi za mafundisho, Katekisimu Ndogo ya Luther kichwani, ile "maana yake nini" baada ya kila amri. Nilikuwa namsikiliza akijifunza huku mimi nashona, mpaka mimi mwenyewe nikawa naweza kujibu nimelala. Siku yenyewe suti nilishona mimi. Na mnajua kipaimara cha huku kwetu kilivyo, mahema, ndafu, wageni kutoka mbali. Nilipopewa nafasi ya kusema neno, nikasimama nikasema kwamba huyu Mungu amemchagua, kwamba huyu ni mchungaji wetu ajaye, kwamba hata jina la Mjumbe lilikuwa unabii. Watu wakapiga vigelegele. Mtoto akainamisha kichwa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Jioni tukiosha vyombo dada akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, lile neno lilikuwa zito kwa mtoto. Tumwache mwenyewe aseme." Nilinyamaza, lakini moyoni nilikasirika. Niliona kama nimeambiwa kwamba si mwanangu. Nilikaa na hasira hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha ikaja 2020. Machi 17 shule zikafungwa kwa sababu ya corona, na Mjumbe alikuwa kidato cha nne. Mpaka zilipofunguliwa Juni 29 alikuwa anashinda kibandani kwangu. Tulishona barakoa za vitenge. Mimi nashona, yeye anakata lastiki na kufunga kumi kumi. Mchana mmoja umeme ukakatika, pasi ikapoa. Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa na kipande cha boksi, akaanza kuchora. Taa moja, swichi mbili, moja chini ya ngazi na nyingine juu. Akanieleza jinsi unavyowasha ukiwa chini na kuzima ukiwa juu, waya gani unapita wapi. Alieleza bila kunitazama, haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa na jambo hilo tumboni. Alipomaliza akasema, "Mama mdogo, mimi nataka umeme. Ile ya uchungaji sikujua nikuambieje."

Kibao cha Zakaria kilikuwa kile kipande cha boksi. Nilikichukua, nikakiweka kwenye droo ya nyuzi, na bado kiko humo.

Nimewaza sana kwa nini Bethlehemu majirani walikubaliwa na kule milima ya Uyahudi wakakataliwa. Sioni kwamba hawa walikuwa wabaya na wale wema. Wa Bethlehemu walitoa jina kutokana na kile walichokiona: mwanamke aliyebaki mtupu amepata wa kumtumikia uzeeni. Wa Uyahudi walitoa jina kutokana na kile walichozoea. Mimi nimefanya yote mawili kwa mtoto mmoja. Kizingitini na bakuli la chumvi nilikuwa nimemwona. Kwenye kipaza sauti cha kipaimara nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Na bado Luka anasema wale waliokataliwa hawakufukuzwa. Walibaki, wakastaajabu, wakaogopa, wakayaweka mambo hayo mioyoni mwao wakisema, "Mtoto huyu atakuwa wa namna gani?" Hilo swali ndilo nililoanza kuliomba tangu mwaka ule, mahali pa yale majibu yangu.

Alienda chuo cha ufundi, sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Desemba iliyopita alipanda kama Wachaga wote wapandavyo, akaja kibandani na vitambaa viwili vya suruali za kazi. Nikamvisha futi kiunoni. Inchi thelathini na mbili. Urefu ilibidi nipige goti, kisha ninyanyuke. Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa mpya, nikaona mtu mzima kama huyu, anayetuma hela nyumbani, anastahili kuandikwa kwa heshima. Nikaanza kuandika jina lake la ubatizo.

Akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapana, mama mdogo. Andika Mjumbe."