Asilimia Sitini

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka sita katika cheo cha mhadhiri. Siku moja mkuu wa idara alinisimamisha kwenye korido akaniuliza, "Daktari, mbona huombi kupanda? Machapisho si unayo?"

Ninayo, ndiyo. Nilikuwa nimeyahesabu usiku mwingi kuliko alivyodhani. Kanuni za chuo chetu zilitaka pointi 5 za kazi zilizotoka baada ya cheo cha mwisho ndipo mtu awe mhadhiri mwandamizi, na kwa hesabu zangu nilikuwa na 5.1.

Nilitumia jioni za wiki tatu kuandaa faili: wasifu, nakala za makala, tathmini za wanafunzi za kila muhula, orodha ya tasnifu nilizosimamia, majina ya watathmini wa nje niliowapendekeza. Walitaka hata kipimo cha h, kile alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Changu kilikuwa 4, yaani nilikuwa na kazi nne ambazo kila moja imerejelewa angalau mara nne. Nikaandika, nikaendelea.

Kilichonikwamisha ni fomu ya mchango wa waandishi. Makala ikiwa ya zaidi ya mtu mmoja, waandishi hugawana pointi kwa asilimia, jumla iwe 100, na kila mmoja atie saini. Makala yangu bora kuliko zote niliiandika na mtu niliyemsimamia shahada ya uzamili, na jina lake ndilo lililotangulia. Nikajaza: mimi 60, yeye 40. Nikamtumia. Wakati huo alikuwa ng'ambo, akisomea uzamivu.

Fomu ilirudi siku ileile. "Mwalimu, nimesaini. Nakutakia kila la heri." Hakuna swali hata moja. Saini yake ilikuwa ya wino wa buluu, mkia wake umevuka mstari hadi kwenye kisanduku cha asilimia, ukaigusa ile 40.

Kanuni zilitaka pia ushahidi wa mchango, kwa hiyo nikafungua folda la data. Utafiti wetu ulihusu namna watoto wadogo wanavyojifunza upatanisho wa ngeli. Humo mlikuwa na rekodi 31 za watoto wakicheza na kuzungumza, zote amezinukuu yeye kwenye ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, inayokuwezesha kuandika maneno sambamba na sauti. Kila kikohozi kimewekewa alama. Kila kimya. Aliyewahi kunukuu mazungumzo ya watoto anajua dakika moja ya sauti inavyoweza kula nusu siku.

Kwenye safu ya maoni, chini ya rekodi ya 17, nikakuta ameandika: "Mwalimu, nimesikiliza mara tisa. Mtoto anasema 'vikombe vimevunjika' au 'vikombe zimevunjika'? Mimi nasikia zi." Faili lilihifadhiwa saa nane na dakika arobaini usiku.

Hiyo zi ndiyo iliyozaa hoja nzima ya makala. Aliisikia yeye. Mimi nilimwelekeza mahali pa kusoma, nikaandika sehemu ya nadharia, nikawajibu wahakiki wa jarida. Ilikuwa kazi ya kweli, lakini si asilimia 60. Nikachukua orodha ya CRediT, ile inayotaja majukumu 14 ya watu katika utafiti, nikaweka herufi ya jina mbele ya kila jukumu. Nilipofika mwisho herufi yake ilikuwa imejaa ukurasa.

Nikaichana fomu, nikajaza nyingine: mimi 30, yeye 70. Nikamtumia aisaini.

Usiku akapiga simu. "Mwalimu, naona fomu mpya ina kosa."

"Hapana. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa na kosa. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante, Mwalimu," kwa sauti iliyonifanya nielewe kwamba tangu mwanzo alikuwa ameliona.

Mkuu wa idara alishika kichwa. "Mwenzio alishasaini kwa hiari yake. Nani angeuliza?" Alinitakia mema, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Barua ya kamati ilikuja na mistari minne: pointi 4.8, ombi halijafikia kiwango. Iliniuma, tena sana. Kuna wiki nzima nilikwepa chumba cha walimu.

Mpaka leo naamini kanuni ile ina kasoro. Inamwadhibu mwalimu kwa kumwacha mwanafunzi atangulie, na inaweka asilimia mikononi mwa mtu ambaye mwenzake hawezi kumkatalia. Mwanafunzi gani atamwambia msimamizi wake, ambaye kesho atamwomba barua ya udhamini, kwamba 60 ni nyingi mno? Afadhali fomu iulize nani alifanya nini. Nimelisema hilo kwenye vikao, na nitaendelea kulisema.

Niliomba tena baada ya kuchapisha makala nyingine, peke yangu. Barua ya cheo ilitoka Machi 2018. Katika faili iliyonipandisha, fomu ile ilikuwa ukurasa wa 47: mimi 30, yeye 70, saini mbili.